Bonde na Deni la Kurudi: Kuchagua Njia ya Miguu Inayolingana na Afya Katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Kutembea kwa miguu ni tiba iliyo karibu na kila mtu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na kutembea kwa haraka kunatosha kabisa kutimiza kiasi hicho. Lakini tiba yoyote ina kipimo chake. Katika nchi ya vilima na mabonde kama Ngara, na katika sehemu kadhaa za Biharamulo, kipimo cha matembezi hakipatikani kwa kuhesabu kilomita peke yake. Kilomita 6 za ukingoni mwa kilima si sawa na kilomita 6 za kushuka mtoni na kupanda tena.

Makala hii inaeleza jinsi mtembeaji anavyoweza kuchagua njia inayolingana na uwezo wa mwili wake, jinsi ya kujiandaa, na mambo ambayo mhudumu wa afya anapaswa kuyauliza kabla ya kumshauri mgonjwa atembee.

Umbo la nchi

Wilaya ya Ngara iko kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, ikipakana na Rwanda na Burundi. Vilima vyake hufikia kimo cha takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Mto Kagera, mahali penye maporomoko ya Rusumo, hupita kwenye kimo kinachokaribia mita 1,300. Mto Ruvubu, utokao Burundi, huungana na Kagera karibu na maporomoko hayo. Kwa hiyo tofauti kati ya kilele na mto inaweza kufika mita 500, na baadhi ya njia za miguu hupita kwenye miteremko mikali na makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua.

Biharamulo, iliyoko mashariki ya Ngara, ina ardhi yenye mawimbi mapana zaidi, misitu ya miombo na barabara ndefu za vumbi. Sehemu ya wilaya imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Mji wa Biharamulo una boma la zamani la Wajerumani, ambalo huwavuta wageni wengi wapendao matembezi mepesi.

Watembeaji wa wilaya hizi ni wa aina mbili. Wako wanaotembea kwa hiari, yaani wageni, wanafunzi, watumishi na wenyeji wanaotafuta mazoezi au kujionea nchi. Wako pia, na hao ndio wengi, wanaotembea kwa lazima: mkulima anayeshuka shambani, mama anayefuata maji, mgonjwa anayekwenda kliniki. Sheria za mwili haziwatofautishi. Mteremko unaomchosha mgeni mwenye begi ndio huohuo unaomchosha mzee mwenye shinikizo la damu anayerudi nyumbani na dawa zake.

Kwa nini bonde humdanganya mtembeaji

Anayepanda mlima hukutana na kazi ngumu mwanzoni. Akishindwa, mwili humwambia mapema, naye hugeuka na kuteremka. Anayeshuka bondeni hukutana na hali iliyo kinyume. Sehemu rahisi huja kwanza, asubuhi, wakati mwili una nguvu na hewa ni baridi. Sehemu ngumu huja mwishoni, wakati jua limepanda, maji yamepungua chupani na misuli imechoka. Dalili zinapojitokeza, njia ya kurudi ni ya kupanda tu. Bonde hukopesha asubuhi na kudai mchana.

Jambo hili linajulikana popote penye makorongo. Katika korongo kubwa la Grand Canyon nchini Marekani, mamlaka ya hifadhi huwaonya wageni wasijaribu kushuka hadi mtoni na kurudi juu kwa siku moja. Mabonde ya Ngara ni mafupi kuliko hilo, lakini kanuni ni ileile: njia huchaguliwa kwa kupima marejeo yake.

Sababu yake iko katika matumizi ya nishati. Mtu anayetembea mahali tambarare kwa mwendo wa kawaida hutumia takriban mara 3 ya nishati anayotumia akiwa amekaa kimya. Akipanda mlima kwa mwendo wa wastani, matumizi hupanda hadi mara 6 au 7, na huzidi hapo akibeba mzigo. Moyo na mapafu hulazimika kupeleka oksijeni kwa kiwango hicho. Mtu ambaye mwili wake unamudu mara 4 au 5 tu, pengine kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, upungufu wa damu au kukaa muda mrefu bila mazoezi, anaweza kushuka hadi mtoni bila dalili yoyote. Ataujua mpaka wa uwezo wake akiwa chini, mahali ambapo msaada hufika kwa shida.

Kushuka nako kuna gharama iliyofichika. Misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki. Hurefuka huku ikijikaza, na kazi ya namna hiyo huijeruhi nyuzi zake kidogo kidogo kuliko kupanda. Ndiyo maana miguu huweza kutetemeka baada ya mteremko mrefu, na maumivu kufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Magoti hubeba mzigo mkubwa kuliko uzito wa mwili wenyewe. Miguu iliyochoka kwa kushuka hujikwaa kwa urahisi, hivyo mtembeaji huanza kupanda akiwa tayari amepoteza sehemu ya nguvu zake na ya umakini wake.

Kuipima njia kabla ya kuondoka

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni rahisi ambayo bado inatumika: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za umbali, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo inamhusu mtu mwenye afya njema na mazoezi.

Tuseme njia inashuka kutoka ukingoni hadi mtoni kwa umbali wa kilomita 6, na tofauti ya kimo ni mita 500. Kushuka kutachukua saa 1 na dakika 12. Kurudi kutachukua muda huohuo pamoja na dakika 50 za mpando, yaani takriban saa 2. Jumla ni zaidi ya saa 3, bila mapumziko. Kwa mtu asiye na mazoezi, mzee, au kundi lenye watoto, ni busara kuongeza nusu ya muda huo, na safari yote ihesabiwe kuwa ya saa 5 pamoja na kupumzika.

Kutokana na hesabu hiyo hupatikana kanuni nyingine inayoweza kukumbukwa na kila mtu: katika njia ya bondeni, theluthi moja ya muda, ya maji na ya nguvu ni ya kwenda, na theluthi mbili ni za kurudi. Mwenye saa 6 ageuke baada ya saa 2, hata kama mto haujaonekana. Kwa kuwa wilaya hizi ziko magharibi ya nchi, jua huchomoza karibu na saa 1 asubuhi na kuzama karibu na saa 1 jioni, na baada ya hapo giza huingia haraka. Mtembeaji anayeanza mapema hupanda kabla ya joto kali la mchana na kabla ya ngurumo za alasiri.

Kwa ajili ya ushauri, njia za wilaya hizi zinaweza kugawanywa katika madaraja manne.

Daraja la kwanza ni njia tambarare au zenye mwinuko mdogo: barabara za mji wa Biharamulo na viunga vyake, na barabara zinazofuata migongo ya vilima vya Ngara. Hizi zinawafaa wanaoanza mazoezi, wazee wengi, na wagonjwa ambao hali zao zimetulia. Mtembeaji anaweza kugeuka wakati wowote bila kudaiwa mpando.

Daraja la pili ni njia za vilima zenye kupanda na kushuka kwa jumla isiyozidi mita 200. Hapo mtu anahitaji wiki kadhaa za mazoezi ya daraja la kwanza, viatu imara na maji.

Daraja la tatu ni njia za kushuka hadi kwenye mabonde ya Ruvubu na Kagera, au kuingia kwenye makorongo. Hizi ni za watu wenye mazoezi, wakiwa pamoja na mwenyeji anayeijua njia. Mtu ambaye kupanda kilima kifupi humkatisha pumzi hapaswi kuzijaribu.

Daraja la nne ni matembezi ndani ya hifadhi. Hapo uwezo wa mwili si kigezo pekee, kwa sababu wamo nyati, tembo, simba na viboko. Matembezi ya miguu hufanyika kwa utaratibu wa hifadhi na pamoja na askari mwenye silaha, na si vinginevyo.

Kuupima mwili

Vipimo vya kawaida havihitaji mashine. Cha kwanza ni kipimo cha mazungumzo. Mtu anayetembea huku akiweza kusema sentensi nzima yuko katika mazoezi ya wastani. Akiweza kusema maneno machache tu kisha akatafuta pumzi, yuko katika mazoezi makali, na hapaswi kuendelea hivyo kwa muda mrefu ikiwa hajazoea.

Cha pili ni kipimo cha mpando mfupi. Mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili, au kilima cha kimo kama hicho, bila kusimama na bila maumivu ya kifua, anamudu kazi ya takriban mara 4 ya ile ya kukaa kimya. Hicho ni kiwango cha chini kwa njia za daraja la pili, na hakitoshi kwa daraja la tatu.

Cha tatu kinafanyika kituoni: kutembea kwa dakika 6 kwenye ukumbi au uwanja tambarare uliopimwa mita 30, huku mgonjwa akienda na kurudi kwa mwendo anaouweza, na mhudumu akihesabu umbali. Kwa mtu mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, umbali usiofika mita 300 ni ishara ya uwezo mdogo na ya hatari, na matembezi ya vilima yasubiri matibabu. Kabla na baada ya kipimo, mhudumu apime mapigo ya moyo, shinikizo la damu na, palipo na kifaa, kiwango cha oksijeni.

Anayetaka kufika daraja la tatu anaweza kujiandaa kwa wiki 6 hadi 8. Aanze na dakika 20 hadi 30 za tambarare, siku 4 au 5 kwa wiki. Kisha aongeze muda kwanza, mwinuko baadaye, na mzigo mwisho. Kushuka kuongezwe polepole kama kupanda, maana misuli huzoea kazi ya breki kwa kuifanya.

Wenye maradhi ya kudumu

Kuwa na ugonjwa sugu hakumfungii mtu ndani. Mara nyingi matembezi ni sehemu ya tiba yake. Linalotakiwa ni kuulinganisha ugonjwa na njia.

Mwenye shinikizo la damu lililodhibitiwa anaweza kutembea daraja la kwanza na la pili. Shinikizo likifika 180/110 au zaidi akiwa amepumzika, aahirishe matembezi ya vilima na arudi kliniki. Anayetumia atenololi, propranololi au dawa za kundi hilo asitegemee mapigo ya moyo kupima juhudi yake, kwa kuwa dawa hizo huyapunguza. Atumie kipimo cha mazungumzo. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo hupoteza maji na chumvi kwa urahisi. Asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali apange na mhudumu wake muda wa kuzimeza na kiasi cha maji ya kunywa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari akiwa njiani au saa kadhaa baada ya kufika nyumbani. Apime kabla ya kuondoka. Sukari ikiwa chini ya 5 mmol/L, ale kwanza. Abebe sukari mfukoni, si ndani ya begi la mwenzake. Akianza kutoka jasho jembamba, kutetemeka au kuchanganyikiwa, apewe vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari katika maji, asubiri dakika 15, na arudie ikiwa hajapata nafuu. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Miguu ikaguliwe kabla na baada ya safari, kwa sababu anayepungukiwa hisia za nyayo haoni malengelenge mpaka yawe kidonda.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta ya salbutamoli na, kama amewahi kubanwa kwa mazoezi, aivute dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza kupanda. Pumu iliyomwamsha usiku katika siku za karibuni ni sababu ya kuahirisha.

Mwenye selimundu anahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo. Kukaukiwa maji, baridi ya mvua na uchovu uliopita kiasi vinaweza kuamsha maumivu makali. Anywe mara kwa mara, apumzike kabla hajachoka, abebe nguo kavu, na asijiunge na njia za daraja la tatu bila ushauri wa daktari wake.

Mjamzito aliye mzima anaweza kuendelea kutembea mahali tambarare. Kadiri mimba inavyokua, mizani ya mwili hubadilika na viungo hulegea, hivyo miteremko yenye utelezi iepukwe. Kutokwa damu, kuvuja maji, maumivu ya tumbo, maumivu makali ya kichwa au kizunguzungu humtaka aende kituoni mara moja.

Wote wenye homa, kuharisha, maumivu ya kifua yasiyochunguzwa, kuzirai au kuvimba miguu kupya waahirishe safari. Homa haitolewi kwa jasho la mlima.

Maandalizi

Maji ndiyo kipengele cha kwanza. Nusu lita kwa kila saa ya kutembea inawatosha wengi, na katika mpando wa jua kali mahitaji yanaweza kukaribia lita 1 kwa saa. Safari ya saa 5 inadai lita 3 hivi. Maji ya mto hayahesabiwi, isipokuwa yamechemshwa au kutiwa dawa. Kunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi nako hupunguza chumvi mwilini na kuleta kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Kwa hiyo maji yaende pamoja na chakula chenye chumvi kidogo. Pakiti moja au mbili za chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, ile inayochanganywa na lita 1 ya maji safi, hazina uzito na huokoa. Wenye ugonjwa wa figo au wa moyo waliowekewa kikomo cha maji waulize kliniki kiasi chao.

Chakula kiwe kile ambacho tumbo limekizoea: ndizi mbivu, viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga. Viatu vifunike kidole na kisigino na viwe na kashata za kushika ardhi. Kandambili ni chanzo cha miguu mingi kuteguka. Fimbo nzuri hupunguza mzigo wa magoti wakati wa kushuka, na kwa mzee ni mguu wa tatu. Kofia, koti la mvua, tochi, bandeji pana, dawa za mtu mwenyewe na simu yenye chaji vitoshe ndani ya begi jepesi.

Kundi liwe la watu wasiopungua watatu, ili mmoja akiumia, mwingine abaki naye na wa tatu afuate msaada. Mwendo uwe wa aliye mnyonge kuliko wote. Nyumbani, au kwenye ofisi ya kijiji, liachwe jina la njia na saa ya kurudi. Karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi, kila mtu abebe kitambulisho na afuate njia zinazojulikana na wenyeji.

Hatari za makorongo

Maji. Mkoa wa Kagera hupata mvua nyingi katika majira mawili, kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba na kuanzia Machi hadi Mei. Katika miezi hiyo makorongo yasiingiwe. Mvua inayonyesha kilomita kadhaa juu ya korongo huweza kuleta ukuta wa maji mahali ambapo mbingu ni nyeupe. Katika korongo la Hifadhi ya Hell's Gate nchini Kenya, mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 mwezi Aprili 2012, na watu wengine 7 mwezi Septemba 2019. Dalili za kuondoka ni maji yanayobadilika rangi na kuwa tope, matawi yanayoelea, na mngurumo usio wa radi. Anayeziona apande ukingoni papo hapo. Asikimbie kufuata korongo. Huko Rusumo, ambako kuna bwawa la umeme wa megawati 80 linalotumiwa na Tanzania, Rwanda na Burundi, kina cha maji ya mto kinaweza kubadilika bila mvua, hivyo mawe ya kando ya maji si mahali pa kupumzikia. Mamba, viboko na kichocho ni sababu nyingine za kutoogelea.

Mapango. Mtembeaji wa Kagera ana sababu nzito ya kutoingia pangoni. Virusi vya Marburg huishi katika popo wa matunda wanaolala mapangoni na katika machimbo. Mkoa huu umepatwa mara mbili: mwaka 2023 katika Wilaya ya Bukoba, wagonjwa 9 na vifo 6, na mwaka 2025 katika Wilaya ya Biharamulo, wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na 8 waliodhaniwa, ambao wote walifariki. Mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa tarehe 20 Januari na kutangazwa kuisha tarehe 13 Machi. Watembeaji wa starehe hawako nje ya hatari hiyo. Ilibainika kwamba watalii wawili, waliokuwa wametembelea Python Cave katika msitu wa Maramagambo nchini Uganda kwa nyakati tofauti, waliambukizwa. Mmoja, raia wa Uholanzi, alifariki. Tahadhari ni rahisi: kutoingia pangoni, kutogusa popo hai au mfu, kutokula tunda lililong'atwa, na kutojikinga mvua chini ya genge lenye kinyesi cha popo.

Nyoka na wadudu. Kifutu hulala njiani bila kukimbia, hivyo mtembeaji atazame anapokanyaga na anaposhika jiwe. Katika misitu ya Biharamulo na hifadhini wamo mbung'o, wanaoweza kueneza malale. Hupenya nguo nyepesi na huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo nguo nzito za rangi ya udongo zinafaa zaidi. Malaria ipo katika wilaya zote mbili, na anayelala huko alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Dharura ikitokea

Maumivu au mbano wa kifua, kukosa pumzi usiotulia kwa mapumziko, au kuzirai humaliza safari. Mgonjwa akalishwe kivulini, asipandishwe kwa miguu yake, na msaada uitwe. Kosa la kawaida ni kumhimiza ajikaze kidogo hadi juu. Mpando huo ndio unaoweza kumuua.

Aliyechanganyikiwa huku mwili ukiwaka kwa joto amepigwa na joto kali. Apoozwe kwanza kwa kumwagiwa maji na kupepewa, kisha asafirishwe. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kifungwe gango kisitikisike, abebwe kwa machela na kupelekwa hospitali. Kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kukaza na kuweka jiwe jeusi huongeza madhara au hupoteza muda. Mguu uliovunjika ufungwe gango jinsi ulivyo kabla ya kumhamisha majeruhi.

Kundi lijue mapema hospitali iliyo karibu: kwa upande wa Ngara zipo Murgwanza na Rulenge, na kwa upande wa Biharamulo ipo hospitali ya mjini. Mjamzito mwenye dharura anaweza kupigiwa namba 115 ya usafiri wa m-mama bila malipo, na namba 199 ya Wizara ya Afya hupokea maswali na taarifa za magonjwa ya mlipuko.

Maswali ya chumba cha ushauri

Mhudumu anayemwambia mgonjwa "fanya mazoezi ya kutembea" ametoa dawa bila kipimo. Anaweza kukikamilisha kwa maswali machache. Nyumbani ni ukingoni au bondeni? Kutoka kliniki, mpando uko wakati wa kuja au wa kurudi? Mgonjwa husimama mara ngapi katika mpando huo, na je, idadi hiyo imeongezeka tangu mwezi uliopita? Hurudi na mzigo gani? Nani hufuatana naye?

Majibu hayo hubadilisha tiba. Mgonjwa anayesimama mara 2 mwezi Juni na mara 6 mwezi Agosti, katika kilima kilekile, ametoa taarifa ya moyo au ya damu yake kabla ya mashine yoyote kuitoa, apimwe. Mama mwenye moyo dhaifu anayeishi bondeni anaweza kupangiwa miadi ya asubuhi, ili asirudi akiwa hajala wakati wa jua kali. Mzee anayetoka bondeni kwenda kliniki ya ukingoni anaweza kupewa dawa za miezi miwili au mitatu kwa pamoja, pale hali yake na utaratibu wa kituo vinaporuhusu, badala ya kupanda kila mwezi.

Na kwa kila anayekuja na homa baada ya matembezi, swali la malaria lifuatiwe na maswali mengine mawili: je, katika siku 21 zilizopita aliingia pangoni au machimboni, au aligusa popo? Je, alimhudumia mgonjwa au alishiriki mazishi ya aliyekufa kwa homa? Jibu likiwa ndiyo, mgonjwa atengwe, mhudumu avae vifaa vya kinga kabla ya kutoa damu, na taarifa itolewe wilayani siku hiyohiyo. Kipimo cha malaria kinachoonyesha kuwa ana vimelea hakiyafuti maswali hayo, kwa kuwa mtu mmoja aweza kuwa na magonjwa mawili.

Njia nzuri kwa mtu yeyote ni ile ambayo, akiwa katika sehemu yake ya mbali kabisa, bado anazo nguvu, maji na mwanga wa kumrudisha nyumbani. Mwenye mazoezi ataipata njia hiyo kwenye bonde la Ruvubu, na anayeanza leo ataipata barabarani, mbele ya nyumba yake.